Kitu Kimoja kwa Siku: Daftari la Siku Saba za Likizo na Mtoto wa Miezi Minane

Mtoto wa miezi minane hulala mara mbili mchana, na kati ya usingizi mmoja na mwingine ana takriban saa 3 za kuwa macho. Toa nusu saa ya kunyonya na kula, dakika 20 za kubadilisha nepi, kumvisha na kumpaka, dakika 20 za kwenda na 20 za kurudi. Kinachobaki cha kufurahia ni saa moja na nusu. Ndani ya saa moja na nusu kinaingia kitu kimoja, na ukilazimisha cha pili kitaula usingizi, kisha jioni nzima ya familia italipia deni hilo. Daftari hili limepangwa kwa hesabu hiyo: siku saba za msimu wa joto, siku mbili za barabarani, ufuko, msitu, siku mbili ambazo hazina mpango wowote, na siku moja ya akiba. Saa zote ni za Kiswahili.

Siku moja kabla: kufungasha

Kinachoharibu siku ya kwanza huwa kimefungashwa vizuri kabisa, chini ya buti, chini ya sanduku la nguo za wakubwa. Kwa hiyo anza na mkoba wa mkononi, mizigo mingine ije baadaye. Ndani yake weka nepi moja kwa kila saa ya safari na mbili za ziada, vitambaa vya maji, turubai dogo la kubadilishia, nguo kamili pea tatu za mtoto, na shati moja safi kwa kila mtu mzima. Shati hilo wengi hulisahau. Mtoto akitapika, humtapikia aliyembeba.

Nguo za mtoto zifungashwe kwa seti: nguo ya juu, ya chini na nepi moja ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha ndani. Likitokea la kutokea unatoa mfuko mmoja, unamvisha, na zile chafu zinaingia kwenye mfuko uleule. Hakuna kupekua.

Kifuko cha dawa kiwe na kipimajoto, pakiti nne za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, vidonge vya zinki, na dawa ya maji ya parasetamoli pamoja na bomba lake la kupimia. Mpime mtoto uzito jioni hii na uuandike kwenye karatasi, uibandike kwenye chupa. Dozi ya parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima. Chupa za dawa hii hutofautiana nguvu, hivyo mililita ulizozoea nyumbani si lazima zilingane na za chupa utakayonunua njiani. Saa nane usiku, mtoto ana homa, taa hafifu: si wakati wa kuanza kukisia kilo.

Leo pia jaribu krimu ya kuzuia jua. Paka tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, uangalie kesho yake kama pamekuwa pekundu. Chagua yenye madini ya zinki au titani, kinga ya jua (SPF) ya 30 au zaidi, isiyo na manukato. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 6 tegemea kivuli na nguo, krimu iwe ya sehemu ndogo tu pale kivuli kinapokosekana.

Shuka la kitanda chake usilifue. Lichukue likiwa na harufu ya nyumbani. Litafanya kazi usiku wa kesho.

Siku ya 1: barabarani

Gari linaondoka saa 11 na nusu alfajiri. Mtoto anahamishwa kutoka kitandani na nguo ya pamba ya safu moja, huenda asiamke kabisa, na sehemu kubwa ya njia inamalizika kabla jua halijapanda. Barabara ambayo watu wazima huimaliza kwa saa 4, na mtoto ihesabu saa 5 na nusu hadi 6. Ukiwaambia wanaokungoja muda halisi tangu mwanzo, hakuna wa kukukimbiza.

Kiti cha mtoto kinakaa nyuma, uso wake ukielekea nyuma ya gari. Kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa ukifumuka unakipiga kiti chenyewe, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, kitikise: kikicheza zaidi ya sentimita 2 na nusu, hakijakazwa. Mikanda ya mabega, kwa kiti kinachoelekea nyuma, itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Kisha fanya jaribio la vidole viwili: jaribu kuufinya mkanda begani kama unavyofinya ngozi. Ukipata mkunjo wa kushika, umelegea, kaza tena. Nguo nene ndizo huwadanganya wazazi hapa. Mkanda unaonekana umebana, kumbe umebana pamba, na gari likisimama ghafla pamba hiyo hubonyea na mtoto akachomoka.

Jua la asubuhi linatoka mashariki, jambo ambalo watu hulikumbuka wakishafika nusu ya njia. Ukielekea kaskazini, litampiga mtoto kutoka kulia. Ukielekea kusini, kutoka kushoto. Weka kizuia jua cha dirishani upande huo mapema. Usitundike taulo juu ya kiti wala kumfunika mtoto na khanga ili kumkinga. Kitambaa huzuia mwanga na pia huzuia hewa, na chini yake joto hupanda haraka kuliko unavyodhani. Ndivyo ilivyo hata kwenye kigari cha kusukuma.

Kila baada ya saa 2 gari linasimama, awe amelala au yuko macho. Mtoto atolewe kwenye kiti, alazwe chali au aachwe atambae kwenye turubai kwa dakika 20 hadi 30. Kiti cha gari kinampinda mgongo na kumwegemeza kidevu kifuani. Kwa safari kinafaa, kwa usingizi mrefu hakifai. Ndiyo maana hata mkifika akiwa amelala fofofo, mnamtoa na kumlaza kitandani. Anyonyeshwe wakati wa kusimama, gari likiwa limezimwa. Kumtoa kwenye mkanda ili anyonye mwendoni, hata kwa dakika mbili, ni hatari isiyo na kipimo.

Anayetumia maziwa ya kopo abebe unga uliopimwa kwenye vikopo vikavu, na maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai. Maji yanayokutana na unga yawe na joto la nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na moto huo ndio unaoviua. Korogea hapo hapo, poza chupa kwa kuizungushia maji baridi nje, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Maziwa yaliyokorogwa yatumike ndani ya saa 2, na mabaki aliyokwisha kuyatia mdomo yamwagwe. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 penye joto la nyuzi 25 au pungufu, na hadi saa 24 kwenye boksi lenye barafu inayoshikilia ubaridi. Ndani ya gari lenye joto la nyuzi 35, hesabu ya saa 4 haipo tena.

Mkisimama kula, mtoto anashuka na watu. Hakuna dakika moja ya kumwacha ndani. Gari lililofungwa juani hupanda takriban nyuzi 11 kwa dakika 10 za mwanzo, kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi mambo, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Mzazi mchovu, mwenye mapenzi yote, anaweza kusahau, hasa mtoto akiwa amelala kimya na ratiba imebadilika. Basi dereva aweke kiatu chake cha kushoto kando ya kiti cha mtoto. Hawezi kwenda mbali bila kiatu.

Kabla ya kumrudisha kitini, gusa kifungio cha chuma kwa mgongo wa mkono wako. Kikiwa kimepigwa na jua kinaweza kuunguza ngozi ya paja lake. Gari likisimama na mtoto akishatoka, funika kiti chote na taulo jeupe na utaepuka hilo.

Jioni ya siku ya 1: chumba kigeni

Kabla mizigo haijafunguliwa, mtu mzima mmoja apige magoti na kutambaa chumba kizima. Chini ya kitanda kuna sarafu, kifuniko cha kalamu, labda kidonge kilichomdondokea mgeni aliyepita. Angalia kamba za mapazia, soketi za chini, ndoo ya bafuni. Ndoo yenye maji hata kidogo imwagwe na kupinduliwa: sentimita 5 zinatosha kumzamisha mtoto anayeinamia kichwa kwanza na asiyeweza kujiinua.

Kisha chukua rimoti ya televisheni au ya kiyoyozi. Igeuze, ibonyeze mfuniko wa nyuma. Rimoti ndogo nyingi zina betri ya duara, bapa kama kifungo cha shati, na mfuniko ukilegea inatoka kwa kuipiga mara moja sakafuni. Ikikwama kooni, inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa 2, huku mtoto akionekana ana kikohozi tu au anatoa udenda mwingi. Rimoti ipande juu ya kabati na ibaki huko siku zote saba. Ukishuku amemeza, hospitali mara moja, usingoje itoke.

Kitanda cha kukunja kifunguliwe mbali na dirisha, kamba na feni. Kitumie godoro lake lenyewe jembamba. Kuongeza la pili ili alale laini huacha upenyo pembeni ambamo uso unaweza kunasa. Alazwe chali, bila mto, bila mdoli. Chandarua kichomekewe chini ya godoro pande zote. Feni iwashwe bila kumwelekea usoni. Kujua kama ana joto, usishike mikono wala miguu, ambayo mara nyingi huwa baridi. Pitisha vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza nguo.

Usiku huu ataamka mara nyingi kuliko kawaida. Katika umri huu ameshatambua kuwa mama anaweza kutoka chumbani, na chumba chenyewe hakijui. Mwogesheni, mnyonyesheni, mwimbieni wimbo uleule wa nyumbani kwa mpangilio uleule, na shuka lisilofuliwa litandikwe likaze. Mgawane zamu kabla ya kulala: mmoja hadi saa 8 usiku, mwingine hadi asubuhi. Mkipangana saa 8 yenyewe mtagombana.

Siku ya 2: hakuna kwenda popote

Leo mtoto anazoea, na wakubwa wanapumzika. Kuna kazi moja tu. Mtu mzima mmoja aende ufukoni peke yake, saa ileile ambayo familia itakuwa huko kesho. Atazame kivuli kiko wapi saa 2 na kitakuwa wapi saa 4: asubuhi kivuli cha mti hulala upande wa magharibi, kisha hufupika kuelekea shinani, kwa hiyo mkeka utandikwe upande wa magharibi, karibu na shina. Mti uwe hauna matunda mazito wala matawi makavu juu. Aangalie maji yanakuwa na kina ghafla au polepole, na hatua ngapi kutoka gari hadi kivuli. Hatua mia tatu kwenye mchanga, na mtoto wa kilo 8 na mizigo, ni safari kamili.

Siku ya 3: ufukoni

Krimu inapakwa chumbani, dakika 20 kabla ya kutoka: mashavu, masikio, shingo kwa nyuma, migongo ya mikono, na juu ya nyayo, mahali panaposahaulika. Sehemu nyingine zifunikwe na nguo nyepesi ya mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kofia ya mbele tu inaacha masikio na shingo. Viganja visipakwe, kwa kuwa vitaingia mdomoni.

Familia inafika saa 1 na nusu asubuhi na inaondoka kabla ya saa 4. Mionzi mikali zaidi ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kipimo kisichohitaji saa ni kivuli chako mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mtoto ameshakaa nje vya kutosha. Na kivuli hakimalizi kila kitu, maana mchanga hurudisha juu takriban asilimia 15 ya mionzi na povu la bahari hadi asilimia 25. Ndiyo sababu mtoto aliyeshinda chini ya mwavuli hurudi na mashavu mekundu. Hema dogo la ufukoni nalo lifunguliwe pande mbili hewa ipite, vinginevyo ni tanuri.

Sasa maji. Anayeingia na mtoto ni mmoja, na kazi yake ni hiyo tu: simu ibaki kwenye mkeka. Kaa chini kwenye maji yanayofika kiunoni ukiwa umeketi, umpakate akikutazama wewe. Lowesha nyayo, kisha magoti, kisha tumbo. Mwache apige maji kwa kiganja na ashangae. Mtoto wa miezi minane akigundua kuwa yeye ndiye aliyerusha yale matone, atarudia mara ishirini, na kila mara atakugeukia kuona kama na wewe umeona. Hiyo ndiyo sherehe yote ya leo, na inatosha.

Usiyape mawimbi mgongo. Boya la kupuliza analokalishwa ndani lisitumike kabisa, kwani hupinduka na kumweka kichwa chini miguu juu. Mtu mzima awe karibu kiasi cha kumgusa bila kunyoosha mwili. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hatapitapi, hutulia.

Dakika 10 kwa mara ya kwanza. Mtoto hupoteza joto upesi hata siku ya jua: midomo ikianza kuwa ya buluu, kidevu kikitetemeka, au ngozi ikifanya madoa kama marumaru, toka, mkaushe, mkumbatie kifuani. Nepi ya kuogelea inazuia kinyesi kigumu tu, mkojo na choo laini hupita, kwa hiyo ikaguliwe kila nusu saa na ibadilishwe mbali na maji. Nepi ya kawaida usiiingize majini, itafyonza hadi iwe nzito kama tofali.

Baada ya maji, beseni pana lenye maji ya kina cha vidole viwili, kivulini, na kikombe kimoja. Kumimina na kujaza kutamshughulisha kuliko midoli sita. Mtu mzima aketi hapo hapo, na beseni limwagwe akitolewa tu. Atakula mchanga, hilo halina mjadala. Kiasi kidogo cha mchanga safi kitapita na kuonekana kwenye nepi. Kinachotakiwa kuondolewa mapema ni vipisi vya sigara, vipande vya kombe na kinyesi cha wanyama. Safisha eneo la meta mbili kila upande kabla ya kumweka chini.

Anyonye mara nyingi zaidi ya siku za kawaida. Katika umri wa miezi 6 hadi 12 anaweza pia kupewa maji safi ya kunywa kwa mafundo, jumla kama mililita 120 hadi 240 kwa siku, kwa kikombe. Aliye chini ya miezi 6 hapewi maji hata kukiwa na joto gani. Ziwa la mama au chupa yake ya maziwa inamtosha, iongezwe tu idadi. Chakula alichofungiwa kikishakaa nje saa 2 kimwagwe, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja.

Kuondoa mchanga kuna utaratibu wake, na ukikosewa mtoto analia hadi nyumbani. Kitambaa cha maji kikipita juu ya mchanga uliolowa kinakuwa kama msasa, hasa kwenye mikunjo ya mapaja. Mwache akauke kivulini dakika tano. Pangusa kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukiudondosha mchanga bila kusugua. Halafu mimina lita 2 za maji baridi ya bomba mlizokuja nazo, ukianzia shingoni, makwapani, kisha mapajani, ukifungua kila mkunjo kwa kidole. Chupa hiyo isikae juani: maji yake yanaweza kuunguza, yajaribu kwanza mkononi mwako. Poda ya kunyunyiza iachwe, vumbi lake huingia mapafuni. Mchanga ukiingia jichoni, mshike mikono asisugue, mimina maji safi yenye uvuguvugu kutoka pembe ya ndani kwenda nje hadi aache kufumba.

Saa 5 amelala. Mchana wote ni wa kivuli, na kuna watakaosema siku imepotea. Haijapotea. Jioni mtazame shingoni na kifuani: vipele vidogo vyekundu ni harara, jasho lililoziba njia. Mwogeshe maji ya vuguvugu, mkaushe, mwache na nepi tu mahali penye hewa. Usimpake mafuta mazito, yataziba zaidi.

Siku ya 4

Kulala, kula, kutambaa barazani, kujificha nyuma ya khanga na kutokea. Kujificha huku kunamwambia kuwa asiyeonekana bado yupo, somo analolihitaji sana wiki hii ya chumba kigeni. Nguo zifuliwe. Wakubwa waende matembezi kwa zamu, na kila mmoja apate saa 2 zake bila kubeba mtu.

Siku ya 5: msituni

Njia ya kilomita 3, isiyo na mwinuko mkali, kuanzia saa 1 asubuhi. Kigari kibaki, mizizi na mawe vitakishinda. Mtoto anakwenda na mbeleko.

Aliyebebwa mbele lazima uweze kumbusu utosini kwa kuinamisha kichwa tu, uso wake uonekane wakati wote, na kati ya kidevu na kifua chake viingie vidole viwili. Kidevu kikilala kifuani njia ya hewa inabanwa, na mtoto anayebanwa hivyo halii. Magoti yawe juu kuliko makalio, mapaja yameshikiliwa na kitambaa hadi nyuma ya goti, umbo la herufi M. Miguu ikining'inia tu wima, nyonga zinaumia na nyayo zinakufa ganzi. Mgongoni anabebwa anayekaa mwenyewe bila kushikiliwa, na mtu wa pili awe nyuma akimwangalia uso.

Miili miwili iliyogusana ni jiko. Vaeni safu moja kila mmoja, na kila dakika 30 hadi 40 mfungue, mtoe, mpeperushe, mnyonyesheni. Ukitaka kuokota kitu, chuchumaa kwa magoti. Ukiinama kiunoni mtoto anateleza juu.

Dawa ya mbu ya ngozi yenye kemikali iitwayo DEET isitumike kwa aliye chini ya miezi 2, na ile ya mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau isitumike kwa aliye chini ya miaka 3. Mtu mzima ajipake viganjani kwake kisha ampake mtoto, akiepuka mikono, macho na mdomo. Krimu ya jua hutangulia, dawa hufuata. Bidhaa iliyochanganya zote mbili haifai, kwa kuwa krimu hurudiwa kila saa 2 na dawa haitakiwi kurudiwa hivyo. Mkirudi, aogeshwe kwa sabuni.

Na msitu wenyewe? Simameni. Mtoto hatazami mandhari ya mbali, anatazama jani moja lililo sentimita 30 kutoka puani, jinsi mwanga unavyopita na kukatika. Mpe dakika tano na jani hilo, ila mkono mmoja wako uwe tayari, maana hatua inayofuata ni kulitafuna.

Siku ya 6: ya akiba

Siku hii iliachwa wazi kwa makusudi, na mara nyingi tumbo ndilo linaloitumia. Choo laini cha maji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24 ni kuharisha. Chanzo mara nyingi ni kidogo: chuchu ya chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba bila kuchemshwa, mkono uliobadilisha nepi ukashika kijiko, au maji ya bwawa aliyomeza.

Fungua pakiti ya chumvichumvi, soma kipimo chake, koroga yote kwa maji yote, wala usigawe nusu pakiti kwa kukisia. Mpe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo, kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole zaidi. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo cha chumvi kisizidi, chumvi nyingi inamdhuru kuliko kuharisha kwenyewe. Kunyonya kuendelee na kuongezwe, chakula laini kisisimamishwe. Zinki kwa aliyezidi miezi 6 ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikishakaza. Dawa za watu wazima za kufunga tumbo asipewe.

Andika kila nepi na saa yake. Saa 6 bila nepi iliyolowa, utosi uliobonyea, kulia bila machozi, macho kuzama, kulegea na kulala kusikoamshika, damu kwenye choo, au kutapika kila anachopewa: hapo nendeni hospitali, na daftari la nepi liende nanyi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 huenda hospitali hata bila dalili nyingine.

Tumbo likiwa shwari, siku ya akiba inarudi kwenye beseni na kikombe. Amekwisha kupajua mahali, atacheka kabla hujamimina.

Siku ya 7: kurudi

Ondokeni alfajiri, kama mlivyokuja. Kusafiri usiku kucha ili mtoto alale kunaonekana werevu, lakini dereva aliyeamka mara nne kila usiku kwa wiki nzima hafai kushika usukani saa 9 usiku.

Mmoja akague chini ya vitanda, nyuma ya mlango wa bafu, na juu ya kabati ilipo rimoti. Mikanda ya kiti ipimwe upya kwa vidole viwili, maana wiki ya nguo nyepesi na mikono mingi imeilegeza au kuisokota.

Mkifika, kitambaa cha kiti kivuliwe na kifuliwe kwa maelekezo yake. Mikanda ipanguswe kwa kitambaa chenye maji tu. Kuiloweka kwenye sabuni kali au dawa ya madoa hudhoofisha nyuzi zake. Halafu geuza kiti juu chini, kikung'ute. Chembe chache za mchanga ndani ya kifungio zinatosha kukizuia kujifunga, na kwa macho kitaonekana kimefungwa. Mimina maji ya vuguvugu ndani yake, bila mafuta wala grisi, kiache kikauke, kisha ingiza ulimi wa mkanda na kuutoa mara kumi. Kila mara lazima isikike "klik" moja kavu, na ukiuvuta usitoke.